Bateri ya boti: kuijaza tuachie regilateri, kuitumia tuamue sisi wenyewe



Kuko swali moja lenye linarudi karibu kila mara tunafika katika koperative za kando ya ziwa Kivu: wakati bateri ya boti inajazwa na plake ya jua, nani aisimamie? Kundi la kwanza linasema tununue regilateri, ipunguze umeme yenyewe wakati bateri imeshiba. Kundi la pili linasema hiyo ni kutupa feza: mutu aunge waya asubuhi, aitoe bateri ikijaa, basi. Maneno yanakuwa makali, na tunaelewa sababu. Kisha moteri na nyavu, bateri iko kati ya vitu vyenye vinakula feza mingi ya kese ya koperative.

Sisi waagronome wa mradi, maoni yetu tunayasema bila kuzunguka. Kazi ya kujaza bateri tuiachie regilateri. Lakini kazi ya kuamua umeme utumike namna gani usiku, na kazi ya kuangalia bateri kila juma, hizo tusizipe mashini. Zibakie mikononi mwa koperative. Watu wengi wanachanganya hizo kazi, na hasara inapitia hapo.

Pengine mutauliza waagronome wanatafuta nini ndani ya boti. Jibu munalijua. Nanasi na kahawa ya Idjwi, maharagi na mihogo ya Kalehe, vyote vinapita juu ya maji kabla ya kufika soko la Kituku kule Goma ao bandari za Bukavu. Boti ikikosa taa usiku, mavuno yetu ndiyo yako hatarini, pamoja na watu wenye wanayasindikiza. Tena familia nyingi za wanamemba wetu zinalima muchana na kuvua sambaza usiku. Samaki hiyo ililetwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na inavutwa na mwangaza. Zamani wavuvi walitumia taa za petroli, zile za kupampu. Leo wengi wako na taa za LED na bateri. Kwa hiyo bateri ni chombo cha kazi sawa vile jembe na pampu ya kupuliza dawa, na inaomba kusimamiwa na akili ileile.

Bateri inaomba nini

Tuchukue mufano wenye kila mulimaji anaujua, kitalu cha kabichi. Miche michanga ukiinyima maji, inanyauka. Ukiimwagia kila saa bila kuangalia udongo, mizizi inaoza. Hakuna mulimaji mwenye anasema "kwa sababu maji ni muzuri, nitamwaga tu mingi". Bateri ya risasi na asidi, ile ya kawaida yenye tunaikuta ndani ya motokari na boti, iko vilevile. Inaharibika kwa njaa na inaharibika kwa kushiba kupita kiasi.

Ndani ya bateri ya volti 12 kuko vyumba 6, kila kimoja kinatoa karibu volti 2. Ikiwa imejaa na imepumuzika, bila taa wala plake kuungwa, kipimo kinaonyesha karibu volti 12,7. Ikifika volti 12,2 nusu imekwisha. Ikiwa chini ya volti 12 imechoka sana, hata kama taa bado zinawaka.

Wakati wa kuijaza, umeme unaingia kwa nguvu mupaka volti zifike karibu 14,4. Kisha hapo bateri haiwezi tena kupokea kwa kasi ileile. Inaomba umeme upunguzwe polepole huku volti zikibakia palepale kwa masaa fulani. Mwishoni, ikiwa imejaa kabisa, inaomba tu kutunzwa karibu volti 13,6. Hizo ni hatua tatu: kuingiza kwa nguvu, kupunguza polepole, kutunza. Regilateri muzuri inazifanya zote tatu, na inabadilisha kila mara wingu linapita mbele ya jua. Hakuna mukono wa mutu wenye unaweza kufanya hivyo. Mutu mwenye anashika waya anajua tu mambo mawili: kuunga na kutoa.

Nani iko macho saa sita ya muchana?

Hapa ndipo tunaomba wenzetu wa kundi la pili watusikilize muzuri. Tumesikia mara nyingi: "Miye bateri yangu ninaijuwa. Ikianza kuchemuka ninatoa waya, bas." Tunaamini kama anaijua. Swali letu ni la saa. Mutu mwenye anavua sambaza anatoka mangaribi, anarudi asubuhi, anagawanya samaki na wamama wauzaji, anatengeneza nyavu, kisha analala. Anapaswa kulala, usiku utarudi. Na jua la kujaza bateri linawaka wakati gani? Kati ya saa tatu ya asubuhi na saa tisa ya muchana, palepale yeye iko katika usingizi wake wa kwanza. Mutu mwenye anaijua bateri kuliko wote ndiye analala wakati bateri inamuhitaji. Huo si uvivu, kazi yake iko vile.

Kisha kuko siku za mwezi mukubwa. Wavuvi wote wanajua: mwezi ukiwa unaangaza, sambaza haikusanyiki chini ya taa, na boti nyingi zinapumuzika siku kadhaa. Watu wanarudi mashambani. Bateri imejaa, hakuna taa yenye kuitumia, na plake iko palepale juu inakula jua. Mukitoa waya siku hizo zote, muzuri, mukiwa na uhakika bateri ilikuwa imejaa. Lakini ikiachwa nusu siku hizo zote, inaanza kuharibika. Na kama munaacha waya imeungwa bila regilateri, tuhesabu pamoja kitu kitatokea.

Tuseme boti iko na bateri moja ya amperi-saa 100 na plake mbili za wati 100. Plake hizo, jua likiwa kali, zinatoa karibu amperi 11. Kwa masaa 5 ya jua kali, hiyo ni amperi-saa 55. Kama bateri imeshajaa, umeme huo hauna tena pa kukaa. Unageuka kazi moja tu: kupasua maji ya ndani ya bateri yawe gesi. Kwa siku moja ya namna hiyo, bateri inaweza kupoteza karibu mililitre 110 za maji, sawa kikombe kidogo. Siku nne za mwezi, karibu nusu litre. Sahani za ndani zinabakia inje ya maji, zinakauka, na sehemu yenye imekauka haifanye tena kazi yake.

Na gesi inaenda wapi? Kwa siku ileile moja, inaweza kutoka zaidi ya litre 100 za idrojeni. Musiichanganye na ile gesi ya chini ya ziwa letu, metane na gesi kaboniki, yenye iko mbali ndani ya maji. Hii inatoka ndani ya kisanduku cha bateri, chini ya kiti chenye mutu anakalia na sigara yake. Idrojeni inaweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Cheche kidogo ya waya inatosha. Na bateri ikipasuka, asidi inaruka usoni. Ikifika machoni, mutu aoshwe palepale na maji safi mingi, kwa dakika nyingi, kisha apelekwe kituo cha afya.

Njaa nayo inaua

Kuko wenye wanaogopa kuchemusha bateri, basi wanatoa waya mapema. Hiyo pia si dawa. Turudie hesabu yetu. Taa nne za wati 15 kwa masaa 9 ya usiku zinakula wati-saa 540, yaani amperi-saa 45. Bateri ya risasi hairudishe yote yenye umeipa. Unapaswa kurudisha karibu asilimia 15 juu yake, kwa hiyo karibu amperi-saa 52. Plake zetu mbili zinatoa 55 siku ya jua muzuri. Munaona kama nafasi ni ndogo sana. Mutu akitoa waya saa saba juu "imekwisha kushiba", bateri inarudi ziwani ikiwa na deni. Kesho deni linaongezeka. Ndani yake, juu ya sahani, kunajengeka ukoko mweupe na mugumu, na kisha majuma kadhaa ukoko huo hautoki tena. Hapo mutasikia watu wanasema: "Bateri hii ni feki." Inaweza kuwa ya kweli kabisa; imekufa kwa njaa.

Siku za mvua ni mbaya zaidi, na huku kwetu mvua ni miezi mingi. Ndiyo maana kabla ya kubishana juu ya regilateri ao mukono, mupime kwanza kama plake zinatosha taa zenu. Mwenye plake ya wati 100 tu kwa taa zile nne, hata regilateri ya bei gani haitamusaidia. Mashini haizalishe jua.

Nani analipa wakati bateri inakufa?

Kuko jambo lingine lenye halisemwi sana mukutanoni. Wakati koperative inachagua kujaza kwa mukono, ile kazi inaangukia nani? Mara nyingi sentineli wa bandarini, ao kijana wa mwisho katika ekipi. Hakufundishwa, hana kipimo, mushahara wake ni mudogo. Anaambiwa tu: "Ikijaa, toa." Bateri ikikufa, komite inakusanyika na anatafutwa mwenye kosa. Mwenye kosa anapatikana, na ni yeye. Tumesikia watu wakikatwa mushahara kwa bateri yenye hakuna mutu anaweza kuonyesha ilikufa sababu ya nini, joto, njaa, uzee ao mauzo mabaya ya tangu mwanzo.

Tunasema hiyo si haki, na tena haijenge koperative. Regilateri haina ndugu wala adui ndani ya kijiji. Ikifanya kazi, inafanya kwa boti ya prezida na kwa boti ya mwanamemba wa mwisho namna moja. Kumupa mutu kazi yenye mutu hawezi kuifanya, kisha kumuhukumu, ni kuvunja uaminifu wenye ulituchukua miaka kuujenga.

Wenye kukataa regilateri wako na sababu zao

Hatutaki kusema kundi la pili halina akili. Wako na sababu, na zingine ni za kweli.

Sababu ya kwanza: sokoni kuko regilateri za uongo. Ni kweli. Zingine zimeandikwa maneno makubwa juu yake, na ndani yake hakuna kitu. Lakini dawa ya mbegu mbaya si kuacha kupanda; ni kujaribu mbegu kabla ya kuipanda shamba lote. Jaribio la regilateri ni rahisi. Siku ya jua kali, bateri ikiwa imejaa, weka multimetri kwenye vichwa viwili vya bateri. Volti zikisimama karibu 14,4 kisha zikishuka polepole kuelekea 13,6, iko inafanya kazi. Zikipanda kupita 15, itoe na uirudishe kwa muuzaji siku ileile. Koperative inunue pale penye muuzaji anakubali kuandika risiti na kurudishiwa.

Sababu ya pili: maji na unyevu wa ziwa vinaiharibu. Ni kweli tena, kama imefungwa ovyo. Iwekwe ndani ya kisanduku chenye hakipigwe na mawimbi, lakini chenye kupitisha hewa, karibu na bateri lakini si ndani ya kisanduku kimoja nayo, juu ya gesi na cheche. Tunasema karibu kwa sababu nyingine pia: bateri ikiwa na joto inaomba volti kidogo kuliko ikiwa baridi, karibu volti 0,3 chini kwa kila digri 10 zenye zinaongezeka. Regilateri nyingi zinapima joto pale penye ziko. Ikiwa juani na bateri kivulini, inadanganyika.

Sababu ya tatu: feza. Hapa tunajibu na hesabu ya nyumbani. Bei ya regilateri ya kawaida ni ndogo kuliko bei ya bateri yenye inailinda. Bateri yenye inajazwa muzuri na haitumikishwe kupita nusu yake inaweza kufanya miaka kadhaa. Yenye inachemushwa na kuachwa tupu inaweza kukufa katika miezi. Koperative yenye inasema haina feza ya regilateri, na huku inanunua bateri mupya kila mwaka, feza iko nayo. Inaitumia tu mahali pabaya.

Mabishano haya si yetu peke. Wenye mashua za tanga katika inchi za mbali waliyapitia mbele yetu. Regilateri zenye zilitoka kwenye motokari zilikuwa zinajaza bateri zao kubwa polepole sana, basi wakaweka kifaa cha kuongeza nguvu kwa mukono, na mutu wa kukaa macho juu ya kipimo. Ilifanya kazi vizuri mupaka siku mutu anaitwa kushusha tanga, anasahau, na bateri inachemuka. Hawakurudia regilateri ya zamani na hawakubakia na mukono; walitengeneza regilateri yenye inafuata zile hatua tatu. Sisi tunaweza kuanzia pale wao walifikia.

Lakini usiku, mutu ndiye aamue

Sasa tugeukie kundi la kwanza, wale wanasema "mashini ifanye yote". Hapo hatuwafuate.

Regilateri nyingi ziko na kazi ingine: upande wa taa, zinakata umeme zenyewe wakati bateri inashuka karibu volti 11. Kwa nyumba, hiyo ni sawa. Mutu analala gizani, hakuna shida. Kwa boti, tufikiri mara mbili. Kwanza, volti 11 ni kuchelewa: nusu ya bateri imepita zamani, na ukoko umeanza. Pili, mashini haijue kama uko kando ya inchi ao katikati ya ziwa, kama kuko utulivu ao upepo umeanza kupiga. Inakata tu. Boti yenye imejaa magunia na watu, bila taa, na boti ingine inakuja mbele yake: hapo hakuna bateri yenye bei yake inafikia uzima wa mutu.

Ndiyo maana wavuvi wengi, taa zikikatika mara moja ao mbili, wanaruka regilateri na kuunga kila kitu moja kwa moja kwenye bateri. Tunaelewa hasira yao. Lakini wakifanya hivyo na waya za plake pia, wamerudi kwenye kuchemusha, na mara hii wako na regilateri yenye inakaa pale kama pambo.

Shauri letu ni kutenganisha. Taa ya njia, ile yenye inaonyesha boti yetu kwa wengine, iwe na bateri yake ndogo. Bateri ndogo ya kufungwa ya amperi-saa 7 inaweza kuwasha taa ya LED ya wati 3 karibu masaa 14 bila kupita nusu yake. Ijazwe na plake yake ndogo na regilateri yake ndogo, na mashini yoyote isiikate usiku. Taa za samaki zibakie kwenye bateri kubwa, na kapiteni awe na kipimo mbele ya macho yake. Taa zikiwa zinawaka, kipimo kikishuka karibu volti 12, ahesabu kama nusu imekwisha: azime taa moja ao mbili, ao arudi. Hiyo ni kazi ya mutu, juu inaomba kuangalia mawingu, mavuno ya usiku ule, umbali wa nyumbani. Mashini haina macho ya vile.

Na simu? Tuseme wazi. Boti yenye inashaji simu za kijiji kizima muchana inakula umeme wenye ulikuwa wa taa. Kama koperative inataka biashara hiyo, ni muzuri, lakini inunue plake na bateri zake. Hilo pia ni uamuzi wa mukutano, regilateri haiwezi kutuamulia.

Kazi yenye inabakia mikononi mwetu

Regilateri haiongeze maji. Kwa bateri zenye vifuniko, mutu afungue kila mwezi na kuangalia. Maji yafunike sahani. Aongeze maji ya bateri yale ya kununua kwa chupa. Yakikosa kabisa, maji ya mvua yenye yamekingwa moja kwa moja ndani ya chombo safi cha plastiki, si yale ya bati. Maji ya ziwa hapana, hata yaonekane safi namna gani: maji ya Kivu yako na chumvi nyingi ndani yake, na chumvi inaharibu sahani. Na asidi haiongezwe. Chenye kimepotea ni maji.

Regilateri haipanguse vichwa vya bateri vyenye vimeota unga. Haikaze waya yenye imelegea. Haiwekwe yenyewe katika chaguo la aina ya bateri: yenye maji, ya jeli, ao ya litiamu, kila moja iko na volti zake, na litiamu ikiungwa kwenye regilateri ya risasi bila kubadilisha chaguo, munaweza kuiharibu. Wakati wa kufunga, bateri iungwe kwanza, kisha plake. Wakati wa kutoa, plake itoke kwanza. Na kati ya bateri na vingine vyote, karibu na kichwa cha chanya, kuwe fizibli. Tukumbuke pia kama moteri zingine ndogo za nyuma zinatoa umeme wenye haupimwe; musiziunge kwenye bateri bila kuuliza fundi.

Zaidi ya yote, regilateri haiandike. Wakubwa walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja kwa kila boti, mistari mitatu kila siku: volti asubuhi boti ikirudi, volti mangaribi kabla ya kutoka, na jina la mwenye alipima. Kisha miezi miwili daftari litaonyesha kama bateri inazeeka, kama plake hazitoshi, ao kama kuko mutu anatumia umeme muchana. Na siku bateri itakufa, hatutatafuta sentineli wa kumuhukumu. Tutafungua daftari.

Shauri letu kwa mikutano yenu

Mukikutana mara ijayo, tunaomba musiulize tena "mashini ao mukono?" Swali hilo halina mwisho. Ulizeni maswali manne. Plake zetu zinatosha taa zetu, ndiyo ao hapana? Kila bateri iko na regilateri yenye tumeijaribu na multimetri? Taa ya njia iko na umeme wake wenye hakuna kitu kinaukata? Na nani, kwa jina, anashika daftari na kipimo cha kila boti, na koperative inamulipa nini kwa kazi hiyo?

Kama feza haitoshe kufanya yote kwa mara moja, anzeni na multimetri, moja kwa koperative nzima. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na bila yeye tunabishana na macho yamefungwa. Kisha regilateri ya boti yenye inatumika zaidi. Bateri kubwa zaidi, plake nyingi zaidi, hizo zije nyuma. Kununua bateri ya pili juu ya kujaza vibaya ile ya kwanza ni kuua mbili pahali pa moja.

Mwenye anaona mambo ingine, atuambie wakati tunapita kwenu, ao mukutano uandike na mutume kwa mwezeshaji wa eneo lenu. Wale wa kandokando ya Tanganyika wenye wanavua ndagala, nao tunawangojea. Ziwa ni lingine, bateri ni zilezile.

Tunawatakia kazi njema, na kurudi salama kila asubuhi.